Mashina Matano ya Majani Chai

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua trei ya mayai hapa Lanet nayahesabu yote thelathini mbele ya mwenye duka, na mwanafunzi akinipa jibu sahihi upesi mno namwambia arudie ubaoni. Watu hudhani ni kwa sababu nafundisha hesabu. Sivyo. Ugonjwa huu niliutoa nyumbani, Olenguruone, kwa baba ambaye hakuamini gunia la mbegu mpaka alifungue.

Jumapili moja baada ya kanisa, kitinda mimba wetu alinipigia simu.

"Sista, mzee ameng'oa majani chai. Mashina tano, zile za kona ya juu, na hata hazikuwa na ugonjwa."

"Kwa nini?"

"Anasema ati hesabu ilikuwa imekataa."

Mwaka huo baba alikuwa ametangaza kwamba atagawa shamba la chai angali hai. Hangeligawa kwa ekari, kwa sababu kwake ekari ya bondeni na ekari ya juu hazikuwa kitu kimoja. Angeligawa kwa mashina, na kila mtu apate sawasawa. Aliyahesabu mwenyewe, mstari baada ya mstari, akifunga kamba ya katani kila alipomaliza mmoja. Namba yake tuliijua sote: elfu kumi na tano, mia nane themanini na nane. Ndugu zangu wa kiume ni sita.

Nilichukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Namba ile ilikuwa shufwa, kwa hiyo mbili inaingia. Ukijumlisha tarakimu zake unapata thelathini, kwa hiyo tatu inaingia. Kinachokubali mbili na tatu hukubali sita. Kila mmoja wao angepata mashina elfu mbili mia sita arobaini na manane, na lisibaki hata moja. Hesabu haikuwa imekataa. Ilikuwa imekubali kabisa, na baba alilijua hilo.

Sasa ng'oa matano. Yanabaki elfu kumi na tano, mia nane themanini na matatu. Hiyo ni witiri, na witiri haigawanyiki kwa sita hata uibembeleze vipi. Baba yule yule aliyetugombeza tukikanyaga tawi moja alikuwa ameng'oa mashina matano mazima ili aharibu mgao uliotoka sawa. Nilijua kuna jambo.

Nikaanza kuijaribu namba ile mpya. Tano ilikataa. Nane ilikataa. Nikafika saba. Jaribio la saba nilimfundisha baba mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni, tukiwa barazani mvua inanyesha: unakata tarakimu ya mwisho, unaizidisha kwa mbili, unaitoa kwenye namba iliyobaki, kisha unarudia. Basi nikakata tatu, mara mbili ni sita. 1588 toa sita, 1582. Nikakata mbili, mara mbili ni nne. 158 toa nne, 154. Nikakata nne, mara mbili ni nane. Kumi na tano toa nane.

Ikabaki saba.

Nikaweka kalamu chini. Baba alikuwa na mtoto nje.

Wiki hiyo sikufundisha vizuri. Nilikumbuka mwanamke wa kibanda cha karoti pale Sachangwan, ambaye baba hakuwahi kumpita bila kusimama, hata siku ambazo karoti tulikuwa nazo tele nyumbani. Alikuwa na mtoto. Kadiri nilivyomfikiria mtoto huyo, ndivyo paji lake la uso lilivyozidi kufanana na letu. Nilimwonea mama uchungu. Nusu ya mashina yale aliyapanda yeye, na mimi nikiwa mgongoni. Sasa elfu mbili mia mbili sitini na tisa yangekwenda kwa mtoto wa mwanamke mwingine, na yeye hana habari. Niliapa kwamba hayatakwenda.

Jumamosi nikapanda Olenguruone. Mama alikuwa barazani akitoa minji kwenye maganda yake, na baba kando yake akikata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe. Sikuwasalimu hata vizuri.

"Baba, wa saba ni nani?"

Hakushtuka, na hilo likanizidishia shaka.

"Ulijaribu na saba?" akaniuliza.

"Nilijaribu."

"Ikaingia?"

"Iliingia."

Akatabasamu kama mwanafunzi aliyewekewa alama ya vema. "Hiyo maneno yako ya kuzidisha na kutoa ni kali sana. Haya, hesabu watoto wangu."

Nilihesabu kwa vidole, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Nikapata sita.

"Rudia."

Nikarudia. Sita. Nikamwambia asituchezee, mimi na mama, na kama ana mtoto Sachangwan aseme leo.

"Sachangwan?" Mama aliacha minji. Alimtazama baba, kisha akanigeukia mimi. "Na huyu anahesabu, yeye ni wa nani?"

Vidole vyangu vilikuwa bado juu. Baada ya kaka yangu wa tatu nazaliwa mimi, halafu wale wengine watatu. Katika mambo ya shamba nilikuwa nimejiruka maisha yangu yote, na hakuna aliyehitaji kuniambia nijiruke. Nyumbani kwetu, kama kwa majirani wote, msichana hakuwa katika hesabu hiyo.

"Ungeniambia tu, baba," nilisema.

"Ningekuambia kwa mdomo, ungeniamini?"

Alirudi kwenye nepia yake. Mimi nikavuta beseni la minji nimsaidie mama, nipate mahali pa kuelekeza macho, kwa maana yalikuwa yameanza kunijaa machozi. Wiki nzima nilikuwa nimemchukia yule mtoto wa saba, na nilikuwa nimetoka Lanet asubuhi ile kuhakikisha kwamba hapati hata shina moja.