Maboksi Matatu Yasiyo na Alama

Binti yangu alipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili hapa Guangzhou, niliwaambia watu wa kanisani kwetu Morogoro kwamba anakwenda kusomea kompyuta. Ukweli ni kwamba alikuja kusomea sanaa, muziki na teknolojia, vyote vitatu kwa pamoja, nami sikuwa na maneno ya kueleza kitu kama hicho, wala sikutaka watu wajue kwamba sina. Mimi nimeishia kidato cha nne. Nimenunua bidhaa mji huu kwa miaka mingi, na niliona mtoto anayejua Kichina angefaa zaidi sokoni kuliko kwenye muziki.

Yeye hakuchoka kunieleza. Tukikaa kula huniambia, "Baba, natengeneza ukuta unaoimba," nami ninaitikia, "Vizuri, mama," huku akili yangu iko Shiling, kwenye soko la mikoba ya ngozi.

Mwaka wake wa mwisho, karakana ya chuo ilikuwa inapakwa rangi, akaleta maboksi matatu niyahifadhi kwenye stoo yangu karibu na Barabara ya Yide.

"Baba, haya yasiguswe."

"Nani ayaguse?"

Wiki iliyofuata tukapakia kontena. Mikoba ilikuja imebanwa vizuri kuliko nilivyotarajia, na karibu na mlango likabaki pengo. Sisi wafanyabiashara wa huku hakuna tunachokichukia kama kusafirisha hewa. Pengo likionekana, tunatafuta chochote cha kulijaza: soksi, vijiko, mifagio, hata godoro alilolalia mtu. Nikarudi stoo, macho yakaangukia yale maboksi. Nikafungua moja. Ndani mlikuwa na vinanda vya watoto vilivyochokonolewa, spika ndogo zilizoshonwa kwenye kipande cha salfeti, lile gunia la plastiki, na nyaya zimetapakaa. Nikajiambia kwamba hayo ni mabaki ya majaribio yake, mafundi redio wa nyumbani watayafurahia. Maboksi hayakuwa na alama, na kwetu boksi haliingii kontenani bila alama ya mwenyewe. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika alama yangu pande zote. Alivyoniambia yasiguswe nilikumbuka. Nilikumbuka, nikaandika.

Siku ya nne akaja.

"Baba, maboksi yangu yako wapi?"

"Maboksi gani?"

"Baba."

"Labda wapakiaji wamekosea."

Akampigia simu msimamizi wa wapakiaji, Mchina mmoja mpole ambaye hajawahi kunipotezea hata kiatu. Akaanza kumfokea. Sikuelewa maneno yote, lakini nilielewa kwamba mtu anatukanwa kwa kosa langu. Nikamshika mkono.

"Mwache huyo. Ni mimi. Nimeandika alama mwenyewe."

Alinitazama, kisha akamwomba radhi yule bwana kwa sauti ya chini, akakata simu. Meli ilikuwa imeshaondoka, na ingekaa baharini zaidi ya mwezi. Onyesho lake la kuhitimu, ambalo walimu wangelikagua ndipo waamue kama anapata shahada au hapati, lilikuwa limebakiza siku kumi na tisa.

Jirani yangu wa stoo, Mzanzibari ambaye mdomo wake hauna pazia, akachungulia mlangoni. "Mzee wangu, yaani shahada ya mtoto umeipakia melini? Si bora ungeipeleka uwanja wa Baiyun ikaenda kwa ndege!" Hakuna aliyecheka. Akajirudi, akaenda kutuletea chai.

Binti yangu alikaa juu ya robota la nguo. Hakulia. Laiti angelia ningejua la kufanya. Mwishowe akasema, "Sauti ninazo kwenye kompyuta. Zilizoondoka ni spika." Kisha akanieleza tena kazi yake, polepole, na safari hii nikamsikiliza. Kwa miaka miwili alikuwa akirekodi watu wetu wa Guangzhou wanavyopatana bei, wanavyoitana, wanavyokataa. Kila sauti inakaa kwenye spika ya mwanasesere au kinanda cha mtoto, na spika zote zinashonwa kwenye ukuta wa salfeti za mizigo. Mtu akisogea, vihisi vinamwona na spika iliyo karibu inaanza kusema. Watu wakiwa wengi, kompyuta inazipanga sauti zote kuwa wimbo.

Nilikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani keshokutwa yake. Nikaiahirisha.

Kesho yake tukaenda Yide, kwa mama mmoja ambaye nimenunua kwake vitu vya kuchezea miaka kumi na miwili. Nikaanza kazi ninayoijua: nawasha, naweka sikioni, nasikiliza. Kinanda kizuri kina sauti safi. Kibovu kinaunguruma kwa ndani kama nyuki kwenye kopo, na hicho huwa nakirudisha. Nikarudisha kimoja, cha pili, cha tatu.

"Baba, hivyo unavyovirudisha ndivyo ninavyovitaka."

"Vibovu?"

"Huo muungurumo ndio noti yangu. Kila spika inaunguruma peke yake."

Akamweleza mama mwenye duka. Yule mama alicheka mpaka akaegemea rafu. "Laoban," akaniita, kama wanavyotuita wote, bosi, "miaka kumi na miwili unanirudishia vibovu, leo unakuja kuviulizia!" Akaingia nyuma ya duka, akatoka anaburuta beseni lililojaa vitu vya kurudishwa kiwandani. Vingine, nadhani, nilivikataa mimi mwenyewe. Akatupatia vyote bure, hakutaka hela.

Siku zilizofuata nilikuwa nakwenda chuoni kila asubuhi. Yeye alilehemu nyaya, mimi nilifungua vinanda kwa bisibisi na kuzipanga spika kwa sikio, kuanzia muungurumo mzito hadi mwembamba. Alikuwa anapima kwa simu, na mara nyingi simu ilikubaliana nami.

"Baba, wewe una sikio," alisema siku moja bila kuinua kichwa. "Ungejifunza muziki."

Nikakumbuka alipokuwa darasa la saba. Mwalimu wa kwaya alimtaka apige kinanda kanisani, nami nikakataa, nikasema kinanda hakimlishi mtu. Nilimwambia sasa kwamba nilikosea.

"Nilikununia mwaka mzima," akasema.

"Sikujua."

"Najua hukujua. Nipe ile spika nyembamba."

Siku ya onyesho ukuta ulisimama. Ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza, na salfeti zilikuwa na madoa. Walimu watatu waliingia na madaftari yao. Mmoja akasogea, ukuta ukamwambia kwa Kiswahili punguza bwana, mimi mteja wako. Wa pili akasogea upande wa pili, sauti nyingine ikajibu kwa Kichina hakuna, hakuna. Muungurumo ukaanza kupanda chini ya sauti hizo.

Ndipo spika moja ya katikati ikakatika. Ilikuwa ile nzito, iliyobeba wimbo wote. Niliona uso wa binti yangu ukibadilika. Hakuweza kuondoka mbele ya walimu, kwa sababu walikuwa wanamuuliza maswali. Akanitazama, akaelekeza kidevu nyuma ya ukuta.

Nikazunguka. Waya ulikuwa umeachia mahali ambapo spika hizo huachia siku zote, pale penye betri. Nikaubana kwa kidole gumba. Sauti ikarudi.

Hapakuwa na muda wa kulehemu. Nilisimama pale nyuma ya salfeti nimebana, mkono ukiuma hadi begani, nikisikia upande wa pili binti yangu akijibu kwa Kichina nisichokielewa, kwa utulivu, swali baada ya swali. Sijui nilisimama muda gani. Nilimshukuru Mungu kwa kila dakika, maana angeweza kumwita mtu yeyote, na aliniita mimi.

Mwalimu mmoja akatangaza jambo, makofi yakapigwa. Akachungulia nyuma ya ukuta, macho yamejaa machozi.

"Baba, achia. Nimefaulu."

Nikamwomba anipe dakika moja. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi.