Dawa Katika Friji ya Mama Shirley

Ukitaka kumjua Mama Shirley, usimuulize habari zake. Atakuambia yuko salama, kisha atakuuliza kama umezima gesi nyumbani. Jina lake ni Charity, ana duka la maziwa hapa Kapsoit, na ukuta wa mabati tu ndio unatutenganisha. Mimi Nyaberi nashona nguo upande huu, yeye anauza maziwa na mkate upande ule, na tunaongea kutwa nzima bila kuonana. Mvua ikinyesha anawaza paa. Isiponyesha anawaza ng'ombe wa watu wanaomletea maziwa. Mimi ni mtu wa hasira, yeye ni mtu wa hofu, na tumeelewana hivyo miaka mingi.

Alitoka Kinangop na marehemu mumewe, Shirley akiwa bado anabebwa mgongoni. Mume akafariki, Shirley akaolewa Nakuru, na mama akabaki na duka, friji kubwa ya kioo, na mapenzi mengi yasiyo na mtu wa kupewa. Basi akawagawia watoto wa chuo. Chuo kiko hapo juu tu, na wanafunzi wake hupita kwake asubuhi kununua mkate. Anajua nani anakohoa na nani ameachwa na mpenzi. Nikimwambia, "Wewe Charity utakufa na shida za watu," ananijibu, "Si heri hizo, zangu nimezizoea."

Friji hiyo ndiyo iliyotuletea Maxine. Maxine ni binti ya Ojwang, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha majani chai. Alipopata nafasi chuoni, baba yake alimleta mwenyewe. Akavua kofia mlangoni kwa Charity kama mtu anayeingia kanisani.

"Mama," akasema, "huyu mtoto ana ugonjwa wa sukari tangu akiwa mdogo. Si ile ya wazee. Mwili wake hautengenezi insulini hata kidogo, lazima ajidunge kila siku ya Mungu. Akiacha, nitamzika. Na kule hosteli hakuna friji."

Charity hakuuliza swali. Alitoa mtindi wote kwenye rafu ya chini, akaipanguza, akaiweka dawa. Tangu siku hiyo Maxine alipita asubuhi na jioni, akachukua chupa yake, akaingia nyuma ya pazia, akajidunga tumboni, kisha akala yai la kuchemsha alilotengewa. Huku kwetu stima hupotea hata wingu likikohoa. Ikipotea, Charity alikuwa akiifunga ile dawa kwa kitambaa kilicholowa na kuiweka kwenye chungu, kisha anakaa karibu yake kama anayelinda mtoto mchanga.

Halafu akaja Kochi Pito. Alibatizwa Peterson, ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo hicho hicho, lakini kwenye simu ni Kochi Pito mwenye wafuasi kutoka hapa mpaka Uarabuni. Kila asubuhi alikuwa kwenye TikTok bila shati, na baridi ya Kapsoit mnaijua. Tumbo lake limegawanyika vipande kama mkate wa Charity. Alichowafundisha watoto ni kwamba kiamshakinywa ni utumwa, chakula cha mchana ni mazoea tu, na njaa ndiyo daktari. Wasichana wakaanza kuniletea nailoni niwashonee mikanda ya kubana tumbo. Wavulana wakawa wanakunywa mayai mabichi mbele ya kamera huku machozi yakiwatoka.

Kisha akawaambia wachemshe majani chai mabichi, eti yanasafisha sumu. Weh! Watoto waliozaliwa katikati ya majani chai, mama zao wamezeeka wakiyachuma, wanafundishwa na simu jinsi ya kuyanywa! Walikuwa wanaruka ua wa mashamba ya watu na kujaza mifuko, majani mazee na machanga pamoja, wachumaji wakiwacheka mpaka vikapu vinawadondoka mgongoni. Mimi pia nilicheka.

Nilicheka mpaka Maxine aliponiletea sketi yake niipunguze kiuno. Niliipunguza. Haukupita muda akairudisha, imelegea tena, naye anang'aa kwa furaha.

"Weh, msichana, hizi nyama zako umeziuza wapi?" nikamuuliza.

"Anti, hiyo inaitwa nidhamu."

Akaomba maji. Akanywa kikombe kizima akiwa amesimama, akaomba kingine, na kingine tena. Macho yalikuwa yameingia ndani. Jioni hiyo nikasikia Charity akiniita kutoka upande wa pili wa mabati.

"Nyaberi, Maxine amepita kwako?"

"Amepita. Kwani?"

"Kwangu hajafika. Siku hizi alikuwa anakuja mara moja tu kwa siku, nikafikiri ni masomo. Sasa haji kabisa. Chupa iko vile vile."

Kesho yake alimvizia njiani, akamvuta hadi dukani, nami nikaacha cherehani nikaenda. Maxine hakukana. Alisema Kochi amemweleza kwamba mwili unajua kujitibu ukipewa nafasi, na kwamba sindano ndizo zinaufanya uwe mvivu. Alianza kuzipunguza kidogo kidogo, sasa ameziacha. Na si tunaona wenyewe alivyopendeza!

"Mami, si baba yako alisema..." Charity akaanza.

"Mama Shirley, tangu nikiwa mtoto mimi ni yule mgonjwa. Shuleni, kanisani, hosteli. Wenzangu wanaogopa hata kukalia kitanda changu wasidungwe. Kule kwa Kochi hakuna anayeniita mgonjwa. Wananiita shujaa." Akafuta macho. "Na ukimpigia baba, haki sitakuja hapa tena. Dawa nitachukua nitupe."

Alipoondoka nilisema kwa hasira, "Sikio la kufa halisikii dawa."

"Usiseme kufa!" Charity akanipigia kelele. Sijawahi kumsikia akimpigia mtu kelele. "Usilitaje hilo neno hapa dukani kwangu!"

Maskini Charity, hakujua ashike wapi aache wapi. Akimpigia Ojwang, mtoto atamkimbia na hakuna atakayemwona tena. Asipompigia, je, na yakitokea yale aliyoyasema mzee siku ile ya kofia? Alishika simu akaiweka, akashika akaiweka. Aliwarudishia wateja chenji mbaya. Alifungua friji na kuitazama ile chupa mara nyingi mpaka nikamwambia atamaliza baridi yote.

Siku iliyofuata mteja wangu mmoja alikuja akinionyesha video kwenye simu, imewekwa siku chache nyuma. Alikuwa Maxine, kwenye ukurasa wa Kochi Pito, amekonda, anatabasamu, anatupa sindano zake moja moja kwenye ndoo ya taka. "Niko huru," anasema. Mioyo myekundu ilikuwa inapanda kwenye kioo bila kukoma, na chini yake watu wanaandika: umependeza, tupe siri, Mungu ni mwema. Nikampelekea Charity aone. Aliitazama mpaka mwisho. Kisha akampigia Ojwang, akamwambia maneno machache tu, akatoa dawa kwenye friji na kufunga duka jua likiwa utosini. Duka hilo halikufungwa hivyo hata siku ya mazishi ya jirani.

Tulikimbilia hosteli, tukamkuta Maxine sakafuni chumbani kwake ghorofani, kando ya beseni alilotapikia. Alikuwa anavuta pumzi ndefu za haraka, kama mtu aliyepanda mlima, na mdomo wake ulinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Na nani alikuwa amesimama pale dirishani? Kochi Pito na simu yake.

"Msiogope, mamangu," akasema, "ni sumu inatoka. Hiyo ni dalili nzuri."

Sijui nilifikaje upande ule wa chumba. Nilimpokonya simu, nikaitupa kitandani. "Shika miguu, wewe! Shika miguu ya mtoto wa watu tumteremshe!" Alishika. Uso wake ulikuwa umegeuka wa mtoto kabisa. Nilimhurumia kidogo, kisha nikaacha.

Jirani mmoja mwenye gari la probox alitukimbiza hospitali. Charity alikaa nyuma, kichwa cha Maxine mapajani mwake, akimwita jina na kumkataza kulala. "Ngai fafa, Mungu wangu, mami, niongeleshe. Niambie ulikula nini. Niambie chochote." Hospitalini alimpa muuguzi ile chupa ya dawa kabla hata hajasalimia, akasema, "Ni sukari ya sindano, na ameacha." Daktari alisema baadaye kwamba maneno hayo yaliokoa muda mwingi, kwa sababu bila insulini damu ilikuwa imeanza kugeuka asidi. Nyama tulizoona zikipungua, mwili ulikuwa unajila wenyewe kwa njaa huku watu wakiusifu.

Ojwang alifika na nguo zake za kiwandani. Hakumgombeza mtu. Alikaa kando ya kitanda akashika mguu wa bintiye juu ya blanketi, na usiku huo Charity naye hakurudi nyumbani, ingawa maziwa yote ya dukani yangeganda.

Nilipowarudia mchana wa kesho yake, Maxine alikuwa amefungua macho. Dripu mkononi, midomo imekauka, lakini anaongea. Charity alikuwa anamlisha uji kwa kijiko na kulia na kucheka pamoja. Nikasema, asante Mungu, yameisha. Nikakaa kwenye kiti nikasikia miguu inauma kwa mara ya kwanza.

Maxine akaomba simu yake. Baba yake hakutaka.

"Baba, nataka tu kuifuta ile video."

Kochi alikuwa ameshaifuta kwake. Ila watu walikuwa wameichukua na kuisambaza, na kila alipoitafuta aliikuta mahali pengine, yeye yule anatabasamu na kutupa sindano. Akafungua ujumbe aliotumiwa. Ulikuwa mwingi. Akawa anasoma, anapitisha kidole, anasoma. Ghafla kidole kikasimama. Alimpa Charity simu, Charity hakuwa na miwani, akanipa mimi, nikasoma kwa sauti kabla sijajua ninachosoma.

"Sista Maxine, naitwa Kiplangat, natoka Sigor, nasoma koleji huku Bomet. Hata mimi niko na sukari ya sindano. Nilikuona ukitupa zako, nikatupa zangu. Sasa nimerudi nyumbani natapika sana. Hii sumu inachukua muda gani kutoka?"

Aliuandika jana. Kijiko kilimponyoka Charity kikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kukiokota.

Maxine alininyang'anya simu akampigia kwa namba aliyoiacha chini ya ujumbe. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ojwang alisimama, akakaa, akasimama. Charity alikuwa ameshika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili. Mara ya tatu ikashikwa, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikajaa chumbani, pole na yenye adabu.

"Halo? Hii ni simu ya kijana yangu. Ni nani?"

"Mama, naitwa Maxine. Naomba kuongea na Kiplangat."

"Oh, ni rafiki yake? Kiplangat amelala. Alikuwa anatapika, na anapumua sana sana kama mtu amekimbia. Lakini tangu asubuhi ametulia, hata hasumbui tena. Nimwache apumzike, ama nimuamshe?"

"Mwamshe, mama!" Maxine alikuwa ameinuka, dripu inamvuta mkono. "Mwamshe sasa hivi!"

Tukasikia simu ikiwekwa juu ya meza, ndala zikiburuta sakafuni, mlango ukifunguliwa. Kisha ile sauti, mbali kidogo, ikiita polepole kama mtu anayemwamsha mtoto aende shule.

"Kiplangat. We, Kiplangat." Kimya. "Kiplangat?"