Koti na buti za baba kwenye mizani ya dialysis

Wakuu, nawasalimu kutoka Singida. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mzee wangu alikuwa mkulima, Ilongero. Figo zilipokufa, nikawa nampeleka mjini kwa bodaboda kusafishwa damu.

Kuna nesi pale, nimwite Dada Rehema. Kabla ya mashine mgonjwa hupimwa uzito, maana figo zikifa, unachokunywa kinabaki mwilini. Kilo zilizoongezeka ndizo maji ya kutolewa.

Rehema hakuishia kwenye mizani. Aliinama, akabonyeza muundi wa mzee, akatazama kishimo kinavyochelewa kujaa.

"Shikamoo baba. Harusi ilikuwa ya nani?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mguu wako. Togwa vikombe vingapi?"

"Viwili."

"Baba!"

Mzee akacheka. "Vinne."

Kwetu ukikataa kikombe ugenini umemtukana mwenye nyumba. Rehema alilijua hilo. Akamfundisha apokee, aloweshe midomo, kisha anipe mimi.

Rehema akaenda likizo.

Nesi aliyeshika zamu yake alisoma mizani, akapayuka mbele ya wagonjwa wote: "Mzee mzima unakunywa kama ng'ombe! Ukifa usitusumbue!"

Baba aliinamisha kichwa.

Safari iliyofuata, nje ya mlango, alivua koti lake zito na buti, vitu alivyopimwa navyo siku zote. Akanikabidhi, akaingia na kandambili. Macho yake yaliniomba ninyamaze.

Nikanyamaza. Sikutaka atukanwe tena.

Mizani ikasoma vizuri. Nesi akaandika, mguu hakuugusa. Mashine ikatoa maji kidogo, mengine yakabaki mwilini.

Kesho yake asubuhi mzee alihema kama amekimbia, naye amekaa tu. Tukampakia bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia. Kabla ya kufika mjini kichwa chake kikalala begani kwangu, pumzi ikakatika. Nilikuwa nimemfunika koti lile lile.

Rehema aliporudi nilimweleza. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ningembonyeza mguu."

Juzi nilipeleka koti na buti dukani, kwenye mizani ya kupimia alizeti. Kilo tatu kasoro.

Wakuu, nesi mzuri ni yule ambaye mgonjwa haoni aibu kumwambia ukweli. Na wewe unayesindikiza mgonjwa, sema, hata akikununia.

Mimi nilishika koti. Mwenye mgonjwa wa figo aniambie: wewe ungesema?