Dagaa wa Sijali

Enzi zetu hakuna mtu aliyeingia dukani kununua chakula cha mbwa. Ungemwambia muuza duka wa Kisarawe ya wakati ule, "Nipimie kilo mbili za chakula cha mbwa," angemwita mama yako aje akuchukue, una homa. Mbwa alikula kilichobaki, na kisipobaki kitu alijua mwenyewe. Wenzangu wa rika langu mnayajua haya. Mnajua pia tunavyopenda kuwasimulia watoto wetu kwa majivuno, kana kwamba sisi na mbwa wetu tulikuwa wa chuma.

Binti yangu Doreen anafuga mbwa hapa Kongowe, Kibaha, tunapoishi. Anaitwa Bruno, na kadi yake ya chanjo imetunzwa vizuri kuliko vyeti vyangu vya kazi. Asubuhi anapimiwa chakula kwa kikombe, jioni anachemshiwa wali na maini na karoti kidogo, na maji yake yanabadilishwa kabla hayajapata vumbi. Mwezi uliopita nilimmwagia ukoko wa pilau. Doreen alitoka chumbani mbio utadhani nimemwaga mafuta ya taa.

"Mama, pilau lina vitunguu! Kitunguu ni sumu kwa mbwa."

"Enzi zetu mbwa walikula kila kitu na hawakufa."

Aliinama akaanza kuzoa ukoko ule kwa mkono. Bila hata kunitazama akauliza, "Kwani mbwa wenu aliishi miaka mingapi?"

Nikamjibu kuwa sikumbuki. Nilimdanganya. Aliishi miaka mitatu na miezi michache.

Baba alikuwa karani serikalini, Mgogo wa Dodoma aliyehamishiwa Kisarawe na akapapenda. Nyumba yetu ilikuwa mtelemkoni, na asubuhi ukungu ulijaa bondeni hata mikorosho ukaiona vichwa tu. Tulikunywa chai ya rangi kwa muhogo wa kuchemsha, tukaenda shule na fagio la chelewa mkononi na dumu la maji kichwani. Jioni ilikuwa michezo ya rede na kombolela mpaka mama zetu waanze kuita majina yetu mmoja mmoja. Mikono ilinuka maganda ya korosho, na midomo ilibabuka kwa utomvu wake, maana hatukuwa na subira ya kungoja zikaangwe vizuri.

Baba alilima mihogo nyuma ya nyumba, na nguruwe pori na ngedere waliila kabla yetu. Ndipo akaleta mbwa jike, mdogo, mwekundu kama udongo wa kule kwetu. Akamwita Sijali. Kulikuwa na watu ofisini waliokuwa wakimsema, na baba alitaka kila jioni wapite njiani wamsikie akiita kwa sauti, "Sijali! Sijali, njoo!" Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini ni mama aliyemlea. Siku moja bwana mifugo alipita kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, akamshika Sijali mbavu, akatikisa kichwa. Akamweleza mama palepale uani: mbwa si jalala. Apikiwe ugali wa dona, si pumba tupu. Achanganyiwe dagaa au utumbo kutoka machinjioni, maana bila kitoweo hapati nguvu wala manyoya. Mboga ya majani kidogo, iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, inavunjika vipande vikali na kumchana tumboni. Na maji safi yasikauke.

Majirani walipomwona mama anampikia mbwa walisema Wagogo wana mambo. Mama hakuwajali. "Huyu naye ni mfanyakazi humu ndani," alituambia. "Mpeni chakula cha mfanyakazi." Baada ya miezi miwili Sijali aling'aa, na nguruwe pori walihamia mashamba ya watu wengine.

Aliyetucheka kwa upendo alikuwa Bi Tatu. Alikuwa mjane, Mzaramo wa palepale, nyumba yake ikigusana na yetu kwa ua wa michongoma. Alifuga kuku wa kienyeji, akauza mayai sokoni, na kwa mayai hayo aliwasomesha watoto wake. Kwa dini yake hakutaka mbwa amguse, na baba alilijua hilo, akamfunga Sijali kila Bi Tatu alipokuja. Mwezi wa Ramadhani alituletea futari, magimbi ya nazi ambayo mpaka leo sijala mengine yaliyoyafikia. Krismasi mama alimpelekea yeye unga wa ngano na sukari. Binti yake Mwajuma alikuwa rafiki yangu, darasa moja, dawati moja, hata chawa tulipeana.

Tulipokuwa darasa la tano Sijali alizaa watoto watano. Bwana mifugo akarudi, akasema sasa anakula kwa ajili ya sita: apewe mara tatu kwa siku na dagaa waongezwe. Mama alikuwa ameanza biashara ya maandazi, hakuwa na nafasi. Akanikabidhi mimi kopo la dagaa. "Kiganja asubuhi, kiganja ukitoka shule, kiganja jioni," alisema. "Usinidanganye, Eliza. Mwenye kunyonyesha hana akiba mwilini."

Siku mbili nilifanya hivyo. Siku ya tatu Mwajuma alikuja na embe bichi na pilipili, tukawasha makaa nyuma ya jiko, tukachoma dagaa watano, sita. Mwaka ule mvua ilikuwa haba, kwetu na kwao tulikula kisamvu cha maji na chumvi wiki nzima. Nani angewaacha dagaa wale? Kesho yake tukachoma tena. Baada ya wiki ikawa ni kawaida yetu: Sijali anapata ugali mtupu, sisi tunapata dagaa. Baadaye hata ugali ule niliusahau mchana, kwa sababu ya rede.

Alikonda upesi. Watoto walimvuta matiti mpaka yakalegea kama soksi. Aliponiona nimebeba kopo alisimama na kutikisa mkia, nikapita. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilijua ninachokifanya.

Njaa ikampeleka kwa Bi Tatu. Alianza na mayai, kisha vifaranga. Bi Tatu alikuja mlangoni, akasimama mbali kidogo kama kawaida yake.

"Baba Eliza, mbwa wako ananimalizia mayai."

"Mbwa wangu?" Baba alicheka. "Huyu analishwa vizuri kuliko mimi. Labda ni kicheche."

"Nimemwona kwa macho yangu. Na amekonda, mtazameni."

"Amekonda kwa sababu ananyonyesha, Bi Tatu."

Alirudi mara ya pili baada ya siku nne, ameshika kuku mkononi, nusu. Safari hii hakukaa hata kupokea maji. Baba aliniita mbele yake.

"Eliza, mbwa unampa chakula?"

"Ndiyo, baba."

"Na dagaa?"

"Ndiyo, baba. Mara tatu."

Mwajuma alikuwa nyuma ya mama yake. Aliangalia miguu yake. Baba akamgeukia Bi Tatu, akainua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. Bi Tatu alinitazama muda mrefu, kisha akaondoka na kuku wake.

Siku ya tatu asubuhi tulimkuta Sijali chini ya mchongoma, upande wetu, povu limekauka mdomoni, ganda la yai karibu yake. Linaloniumiza hata sasa ninapoandika ni kwamba watoto walikuwa wamejipanga tumboni mwake, wananyonya. Walikuwa wanavuta na kulia, wanavuta na kulia. Mama aliwatoa mmoja mmoja. Aliwapikia uji mwepesi, akawanywesha kwa kitambaa, na ndani ya siku sita wote walikufa. Wa mwisho alikufa mikononi mwangu, na mama akanibembeleza, akanisifu kuwa nina huruma.

Baba hakwenda kuuliza. Alisimama uani, akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ua, "Hawa watu wanachukia mbwa. Ni dini yao. Tusingetegemea jingine." Mama alimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Ramadhani iliyofuata Mwajuma alileta magimbi ya nazi kwenye bakuli lililofunikwa kawa. Baba akamwambia arudi nayo nyumbani, tusije nasi tukalishwa sumu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mwajuma aliningojea niseme neno. Nilikwenda kuchota maji.

Dawati tuliendelea kukaa moja mpaka muhula ulipoisha, bila kusemezana. Baba aliishi jirani na Bi Tatu miaka tisa baada ya hapo, na hakumpa salamu hata moja. Nguruwe pori walirudi. Alipostaafu tulihamia Kibaha, na tulipakia vyombo kwenye gari bila kuaga upande ule.

Miaka yote hiyo, kila tulipokutana ndugu na marafiki, baba alisimulia kisa cha mbwa wake aliyeuawa kwa ajili ya dini. Watu waliguna kwa masikitiko. Mimi niliwapitishia soda. Nikawa mtu mzima, nikaajiriwa, nikaolewa, nikajenga, na kisa kikaendelea kusimuliwa. Mama alifariki akikiamini. Baba alifariki akikisimulia.

Baada ya Doreen kuniuliza swali lile nilikaa wiki moja sipati raha. Jumamosi nikavaa, nikaenda Kisarawe. Nyumba yetu imevunjwa, pamejengwa fremu za maduka. Ya Bi Tatu ipo, imebadilishwa bati. Nilimkuta barazani anachambua mchicha, amekuwa mdogo kama mtoto, macho mazima.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe wa yule karani. Eliza. Kaa hapo, si pachafu."

Nilikaa. Aliniuliza habari za nyumbani, akanipa pole ya wazazi. Mwajuma ameolewa Mkuranga, ana wajukuu. Nikaona nikisubiri zaidi nitaondoka bila kusema.

"Bi Tatu, yule mbwa. Sikuwa nampa chakula. Dagaa wake nilikula mimi. Ndiyo maana alikuja kwako."

Hakuacha kuchambua. "Najua. Mwajuma aliniambia siku ile ile alipokufa. Alilia usiku mzima. Akasema, mama, na mimi nilikula."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Angekuua kwa viboko. Na mimi ningempiga wangu ili tuwe sawa. Watoto wawili wapigwe kwa sababu ya dagaa, mwaka wa njaa? Nikasema niache, atasema mwenyewe akipata akili."

Nilianza kulia. Hakunizuia.

"Mbwa nilimuua mimi," akaendelea. "Sikatai. Alikuwa anamaliza ada za wanangu. Nilikwenda mara mbili kwa heshima, sikusikilizwa. Lakini sikumuua kwa sababu ya dini. Baba yako alilisema hilo mpaka sokoni. Watu wa dini yenu wakaacha kununua mayai yangu. Mbwa mwenyewe nilimwonea huruma, mbavu zilikuwa zinahesabika. Njaa yake niliiona mimi niliyekuwa simgusi, nyie mliomfuga hamkuiona."

"Nisamehe, Bi Tatu."

"Ulikuwa mtoto. La mtoto nilishalisamehe zamani, hata usingekuja." Aliweka majani pembeni, akajifuta mikono kwenye kanga. "Nakuuliza la mtu mzima. Ulipopata akili, baba yako alikuwa hai. Mimi nilikuwa hapa hapa, sijahama. Ulikuwa unasubiri nini?"

Alinipikia mchicha ule, tukala pamoja, hakulirudia tena swali lake. Ilikuwa afadhali angelirudia.

Tangu nirudi Kongowe nimekuwa nikimwangalia Doreen na rika lake kwa jicho jingine. Tunawacheka kwamba wanapikia mbwa karoti, kwamba wanasema ovyo, hawaogopi wazazi. Juzi alichelewa kumpeleka Bruno chanjo, akaja sebuleni mwenyewe, akasema, "Mama, nimesahau, ni kosa langu, nampeleka kesho." Akasema tu, kama mtu anayeomba chumvi, kisha akaenda zake kulala. Nilibaki nimekaa na rimoti mkononi. Mtoto wa kwetu angesema hivyo angeambiwa ana mdomo mrefu. Wakati wetu mtoto mwenye adabu alikuwa yule anayekaa kimya wakubwa wanapozungumza. Mimi nilisifiwa sana.