Mlio wa Mlango wa Kati

Mnaoishi London mnaujua ule mlio: mwembamba, usio na haraka, mlango wa kati wa basi unapotoa ubao wake wa chuma na kuulaza ukingoni mwa barabara ili kiti cha magurudumu kipite. Wengi wenu hata hamwinui macho kwenye simu zenu. Mimi, mtu mzima mwenye watoto, hugeuzia uso dirishani.

Tulipofika Edmonton, kaskazini mwa London, mwishoni mwa miaka ya tisini, mabasi hayakuwa na ubao wowote. Yalikuwa makuukuu, yakinuka dizeli na makoti yaliyolowa, na mlangoni kulikuwa na vidato virefu na nguzo katikati. Mdogo wangu Baraka hakuwahi kutembea. Kila Jumanne alikuwa na mazoezi ya miguu hospitalini, na kila Jumanne Mama alimfunga mgongoni kwa kitenge, akaishika nguzo, akapanda. Mimi nilikunja kiti chake cha magurudumu na kukisukuma chini ya ngazi ya ghorofani, mahali pa mizigo. Baraka alifika miaka sita, kisha saba, hadi nyayo zake zikawa zinamgonga Mama magotini. Mama hakulalamika. Alihema tu, na mimi nikauzoea ule uhemaji.

Halafu mabasi yakaanza kubadilishwa, moja leo, jingine wiki ijayo. Mapya yalikuwa na sakafu ya chini, unaingia kama unavyoingia sebuleni. Siku moja Baraka alimwona mwanamume kwenye kiti kama chake akijisukuma mwenyewe juu ya ubao hadi ndani, kichwa juu, na tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine. Alituimbia kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikielewa lakini hakukizungumza: naye ataingia hivyo, peke yake, bila kubebwa.

Mama akakataa katakata.

"Tutapanda vile tunapandaka," alisema. "Ile chuma inapiga kelele, shofere anaandika. Wataona tuko na mtoto hatembei, watasema hawa ni mzigo, waturudishe."

"Na yule mwanamume aliyejisukuma mwenyewe?" nikamwuliza.

"Yule iko na karatasi."

Msimcheke. Ombi letu la hifadhi lilikuwa bado halijajibiwa, na kila tulikokwenda kulikuwa na mtu anaandika: daktari, mwalimu, mlinzi wa nyumba tuliyopangiwa. Na kule kwetu Uvira, Kongo, baba yetu aliandikwa jina asubuhi kwenye kizuizi cha barabarani, jioni hakurudi. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Lakini mgongo nao ulikuwa unamwelemea. Jumanne moja ya baridi kali, tukiwa kwenye kituo cha mwanzo, pale mabasi yanapopumzika milango wazi, alisimama na Baraka mgongoni mbele ya moja la yale mapya, asiweze kuinua mguu. Akanivuta mkono.

"Mama, enda uulize shofere," aliniambia, kwa maana kwetu binti huitwa mama. "Akifungua ile chuma, anaandika?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na ndimi niliyekuwa mkalimani wa nyumba. Nikapanda. Sikuwa nimemfikia dereva nilipomwona, dirishani, msichana wa darasa langu na mama yake. Nikaufikiria ule mlio. Nikafikiria basi zima likitungoja, vichwa vikigeuka, kitenge, na Kiswahili cha Mama kikisikika mpaka viti vya nyuma. Nikamwuliza dereva anaondoka saa ngapi. Akasema baada ya dakika tano.

Nikashuka.

"Anaandika," nilimwambia Mama. "Jina na anwani."

Anwani niliiongeza mwenyewe kama chumvi, ili uongo ukolee. Mama akatikisa kichwa taratibu, akakaza fundo la kitenge, akapanda. Baraka alikuwa amesikia yote. Alilaza shavu mgongoni kwa Mama na hakuuliza tena, si siku ile wala Jumanne zilizofuata. Mimi nilikunja kiti.

Mama alimbeba hivyo miaka miwili zaidi. Karatasi za ukaazi zilipotoka, Baraka alikuwa na miaka kumi. Alibonyeza kitufe mwenyewe, ubao ukatoka, akajisukuma ndani akicheka kwa sauti, na hakuna kichwa hata kimoja kilichogeuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitu nilichokiogopa kilikuwa hakipo. Kuhusu mgongo wa Mama nilikuja kuelewa baadaye, daktari aliponionyesha picha ya mifupa iliyosagika na kuniomba nimtafsirie Mama. Nilitafsiri vizuri, neno kwa neno. Niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu.

Uongo wangu sikuwahi kuukiri. Na ugumu wenyewe ni huu, kwamba Mama aliugeuza kuwa ushuhuda. Kanisani, kila ibada ya shukrani, husimama, na siku hizi hukaa, akasimulia jinsi Mungu alivyompa binti mwerevu aliyewauliza wazungu swali, akaokoa karatasi za nyumba nzima. Watu hupiga makofi. Wengine hunigeukia na kutabasamu, nami natabasamu. Nikimwambia Mama ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya hata ile sababu ya kuumia kwake.

Sasa kiti cha magurudumu ni cha Mama. Jumanne iliyopita nilimpeleka hospitali ileile, kutoka kituo kilekile. Basi lilikuwa limesimama, limefunga milango. Nilisita kidogo, kidole kikiwa mbele ya kitufe cha buluu cha kuomba ubao. Mama aliona, akadhani naogopa kwa ajili yake. Akanipapasa mkono, kwa upole ule anaowapa wajukuu.

"Finya, mama," alisema. "Aandike tu. Sasa tuko na karatasi."