Mgonjwa wa Kaya ya Kumi na Nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya mpunga, na Damaris Lebang anamimina kahawa vikombe vinne. Cha kwanza anakipeleka chumba cha kusini, alikolala baba yake.

"Baba, leo naenda Sangpiak," anasema akiwa mlangoni. "Kaya tatu tu. Nitarudi kabla ya mvua."

Anakiweka kikombe karibu na mto, ananyoosha shuka iliyojikunja, kisha anatoka kuvaa viatu. Mzee Lebang ni mgonjwa tangu mwaka juzi, na Damaris hajawahi kuondoka nyumbani bila kumuaga.

Damaris, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni mdadisi. Hupanda na kushuka milima ya Toraja na kishikwambi kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akibisha hodi kwa watu asiowajua. Huwauliza maswali mia moja na kumi na nane. Familia ina umuhimu gani maishani mwako? Unawaamini majirani zako? Unaamini kuna maisha baada ya kifo? Utafiti ni wa nchi nzima, na majibu huenda Makassar, jiji la pwani, yakatoka huko kwenda makao makuu.

Kwa dodoso moja lililokamilika analipwa rupia laki moja na elfu kumi. Likiishia nusu, halipwi kitu, hata kama ametembea kutwa.

"Watu wanadhani ugumu wa kazi hii ni milima," anasema. "Milima naimudu. Ngoja umuulize mtu mzima kama anamwamini mdogo wake, na mdogo mtu kakaa hapohapo anamenya vitunguu."

Tena hachagui wa kumhoji. Huorodhesha watu wazima wote wanaolala chini ya paa lile, mashine inateua mmoja, na ni huyo tu. Kama hayupo, au anaumwa, mdadisi hurudi hadi mara tatu. Kanuni hiyo ndiyo iliyomponza mwezi Februari, katika kaya ya kumi na nne.

Mwenye nyumba ile ni Mama Toding, mjane mkulima wa kahawa, mwanamke ambaye ulimi wake unajulikana hadi sokoni Rantepao. Alimkaribisha barazani, na Damaris akamwomba ataje watu wazima wa nyumba.

"Mimi," alisema Mama Toding. "Kaka yangu Duma, ambaye kula anajua, kulima bado anajifunza. Na mama."

Damaris akaandika watatu. Mashine ikafikiri kidogo, ikamteua mama: Bibi Sarrin, miaka sabini na tisa.

"Mama ni mgonjwa," Mama Toding akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka juzi."

Hapo Damaris alielewa, kama ambavyo Mtoraja yeyote angeelewa. Pumzi ya Bibi Sarrin ilikuwa imekatika miezi kumi na saba nyuma. Alikuwa amelala chumba cha kusini, amechomwa sindano ya dawa na muuguzi ili mwili usiharibike, akipelekewa chakula asubuhi na jioni, akiwasubiri wanawe walioko mbali, Papua na Kalimantan, wajikusanye na kutafuta nyati wa mazishi yake. Mpaka siku nyati wa kwanza atakapochinjwa kwa jina lake, hakuna atakayesema amekufa. Ni mgonjwa. Anasalimiwa na kuagwa. Na maadamu yumo ndani, anahesabiwa.

"Hapo nilijua," anasema Damaris. "Sitaki kukudanganya kwamba sikujua. Jina mkono ulishaliandika kabla akili haijauliza. Kwetu ukitajiwa wanaolala ndani, humruki mama wa mtu."

Mashine ilitaka sababu ya kutomhoji: hayupo, amekataa, ni mgonjwa, amefariki, na nyingine chini yake. Damaris akabonyeza mgonjwa, na mashine ikamwamuru arudi.

Akarudi. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kwa miguu. Mara ya tatu Mama Toding alimwona akiwa bado bondeni, akabandika maji ya kahawa jikoni.

"Umekuja kumuuliza tena?"

"Nimetumwa, dada yangu."

"Basi muulize. Labda wewe atakujibu. Mimi alikuwa hanijibu hata alipokuwa mzima."

Walicheka, wakanywa kahawa, na Damaris akabonyeza mgonjwa kwa mara ya mwisho. Alidhani yameishia pale.

Wiki iliyofuata binti mmoja alipiga simu kutoka Makassar, akihakiki kazi za wadadisi. Simu aliipokea Duma. Binti akauliza kama Bibi Sarrin amepata nafuu. Duma akajibu kwa adabu kwamba bado, ila jana wamembadilishia shuka. Binti akaomba azungumze naye japo kidogo. Duma akasema haamki. Basi binti akauliza waziwazi: huyu bibi yu hai au amekufa? Duma akakata simu.

Siku mbili baadaye msimamizi akapanda mlima. Rusdi Mappa ana miaka ishirini na tisa, ni mtu wa pwani, Mwislamu, na viatu vyake siku ile havikuwa vya kupandia milima.

"Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri keshazikwa," alimwambia Damaris njiani, akihema. "Mama, umeandika mara tatu kwamba marehemu ni mgonjwa. Kule ofisini wanaita kupika takwimu. Mimi nakujua, lakini wao hawakujui."

Hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo katika kazi yao. Anayepika takwimu jina lake hufutwa kwenye orodha na halirudi. Na orodha ile, kwa Damaris, ndiyo karo ya binti yake, ndiyo mchele, na ndiyo tumaini lake la kumtoa baba yake nyumbani kwa heshima. Yaliyomkuta Bibi Sarrin ndiyo yaliyomkuta Mzee Lebang. Naye yumo chumba cha kusini, akisubiri nyati wake.

Rusdi hakuja kwa ubaya. Alipofika barazani kwa Mama Toding alikiweka kishikwambi mezani, akaonyesha njia nyepesi. "Unabonyeza hapa, amefariki. Unaweka sahihi. Tumemaliza, na kazi yako iko palepale."

Mama Toding akaacha kumimina kahawa. Nyuma ya ukuta ule wa mbao ndipo alipolala mama yake.

"Neno hilo kaliseme huko nje," alisema taratibu. "Mama anasikia."

Damaris anasema alikishika kishikwambi mpaka kioo kikazimika, akakiwasha, kikazimika tena. Alikuwa anamwaza baba yake.

"Wanawe wa kuwazaa hawajamwita maiti," anasema. "Mimi mpita njia nimwite, tena mezani pake, nikinywa kahawa yake? Nitamtazama vipi baba yangu jioni?"

Akashuka chini ya orodha ya sababu, hadi mstari wa mwisho ambao wadadisi huukimbia kama ukoma: kosa la mdadisi. Akaubonyeza, akaandika kwa mkono wake kwamba aliorodhesha vibaya na kosa ni lake peke yake. Ukitaka kusema huo nao ni uongo, sema; mwenyewe analijua hilo, na anasema ataubeba.

Rusdi alimkumbusha kwamba hiyo ni barua ya onyo, kwamba safari zote tatu hazitalipwa, na kwamba onyo la pili ndilo la mwisho. Akamuuliza kama anaelewa.

"Naelewa, mwanangu."

Kijana akavua kofia, akauliza mlango wa mama ni upi, akasimama mbele yake. "Bibi, naomba ruhusa," alisema. "Naondoka."

"Kakusikia," Mama Toding akamjibu, akaijaza kahawa yake iliyokuwa imepoa.

Orodha ya wadadisi wa utafiti ujao itatoka Julai. Damaris hajui kama jina lake litakuwamo, na Rusdi, akipigiwa simu, husema naye hajui. Kwa sasa anamalizia kaya zilizobaki. Kaka zake wawili wameandika kutoka Papua kwamba watakuja Agosti na nyati wawili. Wa tatu ni wake yeye, na amebakiza kidogo kumaliza kumlipia.

Jioni mvua imemuwahi. Anaingia ameloa, na kabla ya kubadili nguo anakwenda chumba cha kusini. "Baba, nimerudi," anasema. Anakitwaa kikombe cha asubuhi, kahawa imejaa vilevile, anaimwaga dirishani na kukiosha.

Anaulizwa lile swali lake mwenyewe, la kwanza katika dodoso: nyumba hii wanalala watu wazima wangapi?

Damaris anahesabu kwa vidole, bila haraka. Yeye, mumewe Yunus, binti yao Resti aliyetimiza miaka ishirini. Baba.

"Wanne," anasema. "Agosti, Mungu akijalia, tutakuwa watatu."