Capitoline na Kiboko wa Matopeni

Pikipiki ile ya magurudumu manne ilivuka mpaka wa Kavimvira juu ya lori, imefunikwa turubai, na ilipoteremshwa Kimanga, mjini Uvira, mtaa mzima ulitoka kuitazama. Ilikuwa zawadi ya wafadhili wa ng'ambo kwa kituo kimoja cha afya cha kanisa, ipate kupeleka chanjo milimani kwenye njia za msituni ambazo gari halithubutu. Ilikuwa nyekundu, fupi, pana, na magurudumu yake yalivimba kama mashavu ya mtu anayepuliza kuni mbichi. Kabla jua halijazama ilikuwa imeshapata jina. Iliitwa Kiboko.

Ulikuwa mwaka wa 2003. Mji wa Uvira ulikuwa mikononi mwa jeshi moja, milima ikiwa mikononi mwa jingine, na waliopanda huko juu walikuwa ni wenye shida tu au wenye vichwa vigumu. Lakini surua haiulizi nani anashika wapi. Ilikuwa inaua watoto huku na huko, kwa hiyo Kiboko ilibidi apate dereva upesi.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Cyprien, fundi wa pikipiki wa Kimanga, mtu aliyejua kila skrubu. Alimpeleka Kiboko kando ya mto Mulongwe, mahali ambapo mafuriko ya wiki ile yalikuwa yameacha tope la kufika magotini. Alikwenda hatua ishirini, akazama. Akafuata mlinzi wa kituo. Yeye alikwenda hatua kumi. Mwisho Daktari Gaspard, mkuu wa kituo, alikunja suruali, akapanda mwenyewe, akakaza mafuta kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakazunguka pale pale yakamrushia tope lote usoni.

Nyuma ya watu mtu mmoja alicheka, akashindwa kujizuia. Alikuwa Capitoline, muuguzi wa chanjo.

"Mama Capi, unacheka nini?" aliuliza daktari, tope likimchuruzika kidevuni.

"Unisamehe, docta. Siko nacheka weye. Niko nacheka namna unaishika, sawa mutu mwenye kuvuta mbuzi ku soko."

"Weye unaweza?"

"Piki sijajaribu. Lakini matope miye ninaijua tangu utoto."

Hakuwa anajisifu. Capitoline alikuwa na miaka thelathini na tisa wakati huo, mama wa watoto wanne, na alikuwa amezaliwa Luberizi, katika mashamba ya mpunga. Baba yake, mzee Nzeyimana, alipata mabinti watano mfululizo kabla ya kupata mtoto wa kiume, na kwa kuwa mpunga haungojei, binti wa kwanza ndiye aliyepewa baiskeli ya mizigo. Tangu umri wa miaka kumi na mitatu Capitoline alisukuma na kuendesha magunia juu ya matuta membamba ya mashamba, mvua ikinyesha, maji kulia na maji kushoto. Aliyeogopa alilaliwa na gunia. Huko ndiko alikojifunza kwamba tope halipigwi vita, na kwamba anayelitazama gurudumu lake huanguka, wakati anayetazama aendako hufika.

Alivua viatu, akafunga kitenge vizuri juu ya suruali ya kazini, akamwambia Cyprien atoe upepo kwenye magurudumu yote manne.

"Mama, mupira inaenda na upepo," Cyprien alipinga. "Ukitosha upepo, itaenda na nini?"

"Tosha nusu tu, ilale kidogo. Bata haizame ku matope sababu mguu yake iko mupana."

Cyprien akatii, huku akitazama pembeni ili watu wasidhani wazo lilikuwa lake. Magurudumu yakalegea, yakatandika matumbo yao juu ya tope. Capitoline akawasha, akaongeza mafuta polepole mno, kama anayemwamsha mtoto, akainua makalio kutoka kitini na kuegemea mbele. Kiboko alitikisika, akanguruma, akaanza kutambaa. Alivuka ukingo wote wa Mulongwe, akageuka kwa wauza samaki, akarudi. Watu walipiga makofi. Daktari Gaspard alikuwa bado anajifuta masikio alipotamka kwamba dereva amepatikana.

Nyumbani, mume wake Bertrand, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole ambaye hata baiskeli aliiogopa, alisikiliza habari yote mpaka mwisho. Kisha akauliza kama hicho kitu kina breki. Capitoline akasema kinayo. Bertrand akasema basi sawa, akaendelea kusahihisha daftari zake, ila usiku ule alisali sala ndefu kuliko kawaida.

Ndivyo Capitoline alivyoanza kupanda. Kila wiki mbili alipita uwanda wa Ruzizi mpaka Luberizi, akakata kuelekea Lemera, na kutoka hapo akaingia njia za msitu wa mianzi zilizopanda mpaka kijiji cha Kashugwe na vingine vya mbele yake. Mbele alifunga kisanduku cha barafu chenye chanjo. Nyuma alimbeba muuguzi mwenzake, Agnès, mwanamke mnene wa miaka hamsini na mbili ambaye Capitoline alimwita yaya, yaani dada mkubwa, na ambaye hakuacha rozari yake tangu kuondoka mpaka kufika.

Njia zile zilikuwa na tope la kila namna. Kulikuwa na tope jekundu lenye kuteleza kama sabuni, na tope jeusi chini ya mianzi lililonyonya gurudumu na kuliachia kwa sauti ya busu. Kulikuwa na mitaro iliyochimbwa na miguu ya ng'ombe, ambayo Capitoline alijifunza kuipita kwa kuweka magurudumu huku na huku, mtaro ukibaki katikati ya tumbo la Kiboko. Kwenye mteremko hakukaza breki. Aliiacha injini yenyewe imshike. Wanawake walioshuka na mizigo ya maharage walijibana ukingoni wakimcheka na kumwombea heri kwa pamoja.

Na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata Bertrand, ni kwamba alikuwa anafurahi. Kulikuwa na vita, kulikuwa na vizuizi vya askari kila penye kona, kulikuwa na karatasi mbili mfukoni, moja ya wakubwa wa mjini na moja ya wakubwa wa mlimani, na ilimbidi asikosee ipi atoe wapi. Lakini ukungu ulipofunguka kati ya mianzi, injini ikiimba chini yake na matope yakimrukia mpaka kwenye nyusi, Capitoline aliimba nyimbo za kanisa kwa Kirundi, kwa sauti kubwa.

"Imba polepole," Agnès alikuwa akimwambia mgongoni. "Mungu anasikia, lakini batu ya bunduki pia banasikia."

Siku moja ya mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekolea, walikuta kizuizi kipya juu ya Lemera. Komanda wake alikuwa mgeni, kijana wa miaka kama ishirini na saba, amevaa miwani ya jua chini ya mawingu mazito. Alisoma karatasi, akairudisha, akamzunguka Kiboko mara mbili.

"Hii piki inabaki hapa," alisema. "Ni ya kazi ya vita."

"Komanda, ni ya kazi ya batoto. Iko surua Kashugwe."

"Nimeshasema. Leta funguo."

Agnès alimbana mkono kumkataza asibishane. Capitoline akatoa funguo. Alifungua kisanduku cha barafu kutoka kwenye kamba zake, akakibeba kichwani, na kabla ya kuondoka akasema neno moja tu: "Pale fasi ya mianzi, kati ya mwamba na kijito, usisimame katikati."

"Weye utanifundisha?" komanda alijibu, na askari wake wakacheka.

Walitembea kwa muda wa saa tatu. Capitoline alitembea roho ikimuuma kama mtu aliyenyang'anywa mtoto. Agnès ndiye aliyesema njia nzima, kuhusu miguu yake, kuhusu kijana yule na mama aliyemlea, kuhusu viatu vya plastiki. Walipofika Kashugwe, barafu ilikuwa bado ngumu. Walichanja watoto tisini na wanne jioni ile, wakalala kwa katekista, wakapewa ugali wa muhogo na maharage.

Asubuhi, walipokuwa wakinywa uji, askari mmoja aliingia uani. Alikuwa na tope kuanzia buti mpaka kope. Alisimama mbali kwa adabu.

"Mama ya piki," alisema, "komanda anakuita. Anasema mukuje kutosha munyama yenu ku njia."

Capitoline alimaliza uji wake kwanza. Hata Agnès alishangaa.

Walimkuta Kiboko mahali hasa alipotarajia, katikati ya tope jeusi, amezama mpaka kitini, mikono miwili ya usukani wake imejitokeza juu kama masikio. Njia pale ilikuwa nyembamba, huku mwamba, huku kijito, na wanawake waliobeba chakula cha askari walikuwa wamekwama upande wa pili. Askari kumi na wawili walikaa ukingoni wamechoka. Walikuwa wamevuta jana yake mpaka giza likaingia, kamba ikakatika, wote wakaanguka kwa mkupuo. Komanda alisimama kando, hana miwani tena.

"Ulisimama katikati," Capitoline alisema.

"Ilisimama yenyewe," alijibu komanda, akitazama kijito.

"Nikiitosha, ninaenda nayo."

"Itosha kwanza."

"Apana, komanda. Maneno mbele, matope nyuma."

Komanda aliwatazama watu wake. Hakuna aliyeinua macho. Upande wa pili mwanamke mmoja alitua chungu chake na kusema kwa sauti kwamba ugali unapoa. Komanda akavuta pumzi.

"Ikitoka, ni yako. Nimesema mbele ya batu."

Basi Capitoline akaanza kazi, na kwa saa nzima iliyofuata komanda wa kizuizi kile alikuwa yeye. Aliwaambia waweke bunduki mbali, wakate mianzi minene, waipasue na kuilaza kama ngazi mbele ya magurudumu. Wakajibu "ndiyo mama" na kufanya. Alichimba kwa mikono mpaka akafikia buji, plagi ya kuwashia injini, akaichomoa, akaikausha kwa kitenge, akaipuliza, akairudisha. Alisafisha kichujio cha hewa kilichojaa majani. Mwisho alitoa upepo kwenye magurudumu mpaka yakalegea, na askari mmoja akanong'ona kwamba sasa ameyaharibu kabisa.

Injini ilikohoa. Mara ya pili ikakohoa tena. Mara ya tatu ikashika, na moshi mweusi ukatoka chini ya tope kwa mapovu. Capitoline alipanda, akasimama wima juu ya vikanyagio.

"Yaya, hesabu."

"Moja," Agnès alisema kutoka ukingoni, mikono kiunoni. "Mbili. Sukumeni, nyie vijana, mulikula nini?"

Walisukuma. Kiboko alikwenda mbele kidogo, akarudi, akaenda tena, akipata mahali pa kushika, kisha gurudumu la mbele likapanda mwanzi wa kwanza. Capitoline hakuongeza mafuta wala hakupunguza. Alitazama jiwe pana lililokuwa mbele na hakuangalia kitu kingine. Mianzi ilipasuka moja moja chini yake, tope likafanya kelele ya kunyonya, halafu likaachia, na hakusimama mpaka magurudumu yote manne yalipokuwa juu ya jiwe.

Askari walipiga kelele za furaha kama timu iliyofunga bao, wakiwa wamesahau bao ni la nani. Komanda alikuja polepole. Aliweka mkono juu ya kiti chekundu, akaupitisha pale. Capitoline hakuachia usukani, kwa kuwa ahadi ya mtu mwenye bunduki ni nyepesi.

"Nipandishe kidogo," komanda alisema kwa sauti ya chini. "Mpaka pale juu tu."

Akampandisha. Komanda alimshika kiuno kwa mikono miwili, na walipofika kwenye mteremko wa tope jekundu, Kiboko akianza kuteleza ubavu, alisema karibu na sikio lake: "Mama, simamisha."

"Hapa haisimame. Tukisimama hapa, tunalala hapa."

Juu kabisa, kwenye nyasi, komanda alishuka, akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alimwambia kwamba kabla ya vita alikuwa fundi wa baiskeli Sange, na kwamba tangu avae gwanda hakuwa amepanda kitu chochote kwa raha tu. Capitoline alimuuliza kama angeweza kunyoosha rimu. Alijibu kwamba hakuna rimu Sange iliyomshinda.

Tangu siku ile kizuizi kile hakikuuliza karatasi. Kila baada ya mvua kubwa, askari wenyewe walikwenda kubadilisha mianzi iliyooza, na ushuru wao ulikuwa mmoja tu: mmoja wao apandishwe mpaka juu, kwa zamu. Komanda alihamishwa kabla ya mwaka kuisha. Capitoline alisikia baadaye kwamba ameacha jeshi, ila hakujua kama alirudi kwenye baiskeli.

Bertrand, alipohadithiwa, hakuuliza habari za breki. Aliomba kuonyeshwa namna ya kutoa upepo, akajaribu mwenyewe uani kwa kidole kimoja, akaruka nyuma hewa ilipomfyatukia.

Kiboko aliendelea kufanya kazi miaka sita zaidi, Cyprien akimbadilishia viungo mpaka hakikubaki cha asili isipokuwa kiti. Capitoline aliwafundisha wengine watatu kuendesha. Wa mwisho alikuwa Agnès, aliyeamua akiwa na miaka hamsini na tano kwamba amechoka kutazama mgongo wa mtu. Siku yake ya kwanza msituni, Capitoline alikaa nyuma. Agnès alikwenda kwa kasi, akaingia kila dimbwi, akaimba kwa sauti kubwa kuliko injini, na mwenzake alifumba macho toka Lemera mpaka Kashugwe.